Asiyekuwepo, na Lake Lipo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nikimwona kijana ameinamia kompyuta huku anatabasamu peke yake. Jana nilikuona wewe. Ulinitandazia jedwali lako mezani ukaniambia, "Mama, limetoka safi," nami nikaona kule chini kabisa kuna mstari mdogo unaotaja watu waliokosekana, na juu yake umeweka kikombe cha chai. Hukukusudia, najua. Sikusema neno, maana mimi nikikasirika kabla ya kunywa chai husema mengi kuliko yanayohitajika. Leo nimetulia. Vuta kiti.

Mimi kwetu ni Matiri, kwenye kahawa na mahindi, na jina nililobatizwa ni Skolastika. Nilipotoka kusomea takwimu Dar es Salaam nilirudi Mbinga mjini nikiwa na cheti kimoja na majivuno ya watu watatu. Ndiyo miaka ile soko huria lilipoingia wilayani kwetu. Kila kitu kilikuwa kipya. Walikuja wanunuzi binafsi wa kahawa na mizani yao wenyewe, ikaja mitumba ikaning'inizwa mpaka karibu na uzio wa kanisa, zikaja kliniki za watu binafsi, ikaja na miradi. Nasi tulikuwa mradi. Ofisi yetu ilipakana na ghala ambalo zamani lilikuwa la ushirika, na mlango ukifunguliwa tu, harufu ya kahawa iliingia ikakaa nasi kutwa nzima.

Kompyuta ilikuwa moja, na mwenyewe ni mimi. Niliishonea kitambaa cha kuifunika nikakitarizi maua, na mtu akiigusa bila kunawa mikono alisikia maneno. Nacheka sasa, lakini wakati ule niliamini kabisa kwamba mashine ile na mimi tulielewana kuliko binadamu wengine wa wilaya.

Mradi ulikuwa wa afya ya mama na mtoto. Uwezo wake ulikuwa wa kujenga wodi moja ya wazazi, moja tu kwa wilaya nzima, na vijiji viwili vilikuwa vimebaki vinashindania wodi hiyo. Kimoja kilikuwa Ukata, huku kwetu milimani. Kingine kilikuwa kule chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Hicho sikitaji jina kwa sababu watu wake bado wapo na hawapendi kusemwa. Kamati ya mradi ilipanga kukaa Ijumaa, na ilikuwa imekubaliana jambo moja la haki: wodi ijengwe kijiji ambacho akina mama wachache zaidi hufika hospitalini. Kijiji kipi, jedwali lingesema. Na jedwali lilikuwa mikononi mwangu.

Wadadisi wetu walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba na madodoso. Ndani yake swali lililobeba yote lilikuwa moja: mama mjamzito wa kaya hii hupata huduma wapi? Chini ya swali vilifuata visanduku vinne. Zahanati ya serikali, hospitali ya misheni, kliniki binafsi, na mkunga aliyepata mafunzo. Mdadisi aliambiwa aweke alama ya vema kwenye kila kisanduku kinachohusika, kwa kuwa mama mmoja anaweza kupimwa zahanati na kujifungulia misheni. Swali la namna hiyo asilimia zake ukizijumlisha zinapita mia, na si kosa. Watu hawakuzidi, majibu ndiyo yaliyozidi. Hilo nililijua vizuri na nilipenda kuwaeleza hata watu ambao hawakuniuliza.

Ndani ya kompyuta kila kisanduku nilikipa safu yake. Penye vema niliandika moja. Pasipo na vema niliacha wazi, nikaendelea na safari. Nilipomaliza niliiamuru programu inipe jedwali, printa ikalia kwa kelele zake zile, na karatasi ikatoka. Ufukweni: karibu kaya zote hufika hospitali ya misheni. Ukata: kama nusu tu.

Nilifurahi, sikufichi. Mimi si wa Ukata, lakini ukizaliwa mlimani, mlima wowote ni kwenu. Tena dada yangu Editha, binti wa mama mkubwa, alikuwa ameolewa Ukata. Nikalibeba jedwali kwa mikono miwili mpaka chumba cha mkuu wangu.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Kasiani. Alikuwa amehesabu watu katika sensa tangu enzi za kadi za kutobolewa matundu, na alisoma mpaka ng'ambo, ingawa hilo lilinichukua mwaka kulijua maana hakulitaja. Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Jedwali alilisoma kuanzia chini kwenda juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Skola. Hawa waliokosekana ni akina nani?"

Hakuwa hata ameangalia namba zangu nzuri za juu. Nikamwambia, "Hao ni wasiojibu, Mzee. Programu huwaondoa yenyewe."

"Imewaondoa kwenda wapi?"

Hapo, mwanangu, ilinipasa ninyamaze. Lakini ujana una mdomo. Nikamjibu, "Si unajua, Mzee, asiyekuwepo na lake halipo."

Aliliweka jedwali mezani taratibu. Hakupaza sauti, Mzee Kasiani alikuwa akikukaripia unasikia kama anakuomba radhi. "Methali hiyo ni ya kugawana nyama, mwanangu," alisema. "Sisi hapa hatugawani nyama, tunahesabu watu. Kwenye kuhesabu, asiyekuwepo na lake lipo. Na wa kulitafuta ni wewe."

Kisha akanieleza kwa sahani, na tangu siku hiyo sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Tuseme umealika wageni kumi, alisema. Wanne wamepewa sahani, na kila sahani ina samaki. Sita wamekaa hivi hivi, hawana sahani. Mpishi anatoka jikoni anahesabu sahani, anaona zote zina samaki, anasimama mlangoni anatangaza: wageni wote wamekula samaki. "Programu yako ndiye mpishi huyo," akasema. "Kaya ambayo visanduku vyake vyote viko wazi, yeye haioni. Anaitoa mezani, halafu anagawanya kwa waliobaki."

Nikarudi kwenye meza yangu nikayatoa madodoso ya ufukweni. Kweli. Kaya zilizokuwa na vema zilikuwa za mwalimu mkuu, mwenye duka, katekista, na wale wavuvi wachache wenye mtumbwi wa injini. Hao kweli walifika misheni, na ukiwahesabu wao kwa wao unapata karibu wote. Nyumba nyingine zote, mstari baada ya mstari, palikuwa peupe. Ukilitazama jedwali langu ungedhani ufukwe mzima una injini.

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu hukasirika. Nikasema, kama ni hivyo, basi. Nikaiamuru programu kila palipo wazi paandikwe sifuri, maana yake hawaendi, na kila kaya irudishwe mezani. Printa ikalia tena. Namba za ufukweni zikashuka, kama nilivyotarajia. Lakini na Ukata nako zikaporomoka, zikaenda chini kupita hata za ufukweni. Kumbe na Ukata kulikuwa na kurasa nyeupe nyingi ambazo sikuziona kwa sababu sikuwa nimezitafuta.

Ningeweza kuishia hapo. Jedwali la pili lilitoa jibu lile lile la kwanza, wodi iende Ukata, na sasa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekosekana kule chini. Lilikuwa safi kweli kweli. Lakini kitu kilinikera, nikachomoa dodoso la kaya ya dada Editha. Ukurasa wa akina mama ulikuwa mweupe, na programu ilikuwa imeniandikia sifuri nne: Editha haendi popote. Editha ambaye alijifungua misheni mwaka uliotangulia, na mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea uji!

Nikarudi kwa Mzee, safari hii mikono mitupu. "Mzee," nikasema, "na sifuri nazo zinasema uongo."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Ehee. Sasa ndiyo umeanza kazi," akasema. "Weupe wa karatasi ni mmoja, sababu zake ni nyingi. Nenda kawaulize walioacha weupe huo. Chukua gari la mradi, na Ijumaa usinichelewe."

Mdadisi wa Ukata nilimpata sokoni papo hapo Mbinga. Alinyoosha maneno, namshukuru. Alisema alifika kule katikati ya msimu wa kuchuma kahawa, akina mama wote wako shambani, akajaza kurasa za mbele kwa msaada wa wazee waliokuwa nyumbani. Ukurasa wa uzazi akauacha, kwani wazee wa kiume hawawezi kuulizwa hayo, akisema moyoni atarudi. Hakurudi. Kwa hiyo kurasa nyeupe za Ukata zilikuwa za watu ambao hawakuulizwa kabisa. Nikamwomba apande tena kwa nyumba alizoweza kuzifikia kabla ya Ijumaa, akakubali.

Mdadisi wa ufukweni alikuwa Deogratias, kijana wa Mbuji, mpole sana, aliyewahi kusoma seminari kidogo. Huyo nilipanda naye gari tukateremka pamoja. Unaijua barabara ile, mwanangu. Unaacha mashamba yetu ya ngolo, yale ya vishimo vishimo mlimani, na baridi yake, unakunja na kukunja, na kila kona unavua nguo moja mpaka ziwa linatokea pale chini. Njiani nikamuuliza, "Deo, hizi nyumba zote hukuzifika?"

"Nilizifika zote, dada."

"Hukuwauliza?"

"Niliwauliza."

"Sasa wakasema nini?"

"Walisema Mungu yupo, dada. Nyumba nyingi zilisema hivyo. Na kwenye dodoso hapakuwa na kisanduku cha Mungu."

Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama niliona hatanii. Akaendelea, "Na ningeandikaje hawana? Umekaa kwa mtu, amekupa kigoda, amekupa samaki, halafu unachukua kalamu mbele yake unamwandika hana. Nyumbani kwangu mama angenichapa." Akageukia dirishani.

Tulifikia kwa Bibi Tabita, nyumba ya kwanza yenye ukurasa mweupe. Alikuwa mjane, Mwanglikana wa kanisa la pale pale kijijini, mwenye sauti nyembamba na mgongo ulionyooka kuliko wangu. Alikaa na mkwewe, Roda, mke wa mwanawe ambaye alikuwa ziwani. Roda alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, anatembea ameshika kiuno. Tukasalimu, tukapokelewa kwa mikono miwili, na kabla sijafungua mdomo kueleza tulichofuata, usipa ulikuwa umeshaingia jikoni, ule dagaa wa ziwa letu, na ugali wa muhogo nao.

Tulikula. Nikanawa. Nikamuuliza Bibi swali lile kama lilivyoandikwa, mama mjamzito wa kaya hii hupata huduma wapi.

"Tunashukuru, mwanangu," alisema. "Mungu yupo."

Nikamtazama Deo, naye akatazama chini. Ndipo nikasikia jikoni chungu kinachemka. Chakula tulikuwa tumeshakila, chungu hicho sijui kilikuwa cha nini, cha maji ya kuoga au cha mboga ya jioni. Lakini mlio wake ulinirudisha Matiri. Kwetu, miezi ile ya njaa kabla mahindi hayajakomaa, mgeni akiingia mama yangu hakusema hakuna chakula. Alikuwa akiinjika chungu cha maji matupu, mgeni asikie kinachemka, na sisi watoto tukitumwa kwa mlango wa nyuma kwenda kwa jirani kuazima unga. Siku nyingine unga ulipatikana. Siku nyingine mgeni alielewa mwenyewe, akaaga mapema akisema ana safari. Hakuna mtu kati yao aliyetamka neno hatuna, na wote walijua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nawe umelelewa ndani ya nyumba hizo hizo, unajua.

Mimi nililelewa na chungu hicho, mwanangu. Halafu nikakikuta ndani ya kompyuta, nyumba nyingi za ufukweni zimeinjika maji matupu, nikaiachia programu iwafute. Kusema kweli nilitokwa na machozi mbele ya watu, na Deo, kwa malezi yake mema, akajifanya anahesabu kuku wa Bibi.

Nikamsimulia Bibi Tabita habari za chungu cha mama yangu. Alisikiliza, kisha akacheka hata meno yakaonekana. "Kumbe na ninyi watu wa milimani mnachemsha maji! Sisi tulidhani kwenu ni maharage mwaka mzima."

"Maharage yapo, Bibi, ila hayapo kila siku."

"Haya," akasema, na kicheko kikaisha polepole. Akamtazama Roda, ambaye alikuwa amekaa mkekani amenyoosha miguu. Akaniambia kwamba mwaka uliopita Roda alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Walimpakia kwenye mtumbwi wa makasia kumpeleka misheni, maana mwenye injini alikuwa amesafiri. Katikati ya njia mwera ukavuma, ule upepo wa kusini, ziwa likachafuka, wakapiga makasia bila kusogea. Mtoto alizaliwa mtumbwini. Hakulia. Waligeuza wakarudi nyumbani.

Roda alikuwa anavuta uzi mmoja uliojitokeza kwenye mkeka, anauvuta na kuurudisha.

"Wewe sasa nikuulize," Bibi Tabita akaniambia. "Umekuja kama mgeni au umekuja kama karani?"

"Nimekuja kama karani, Bibi."

"Mgeni haambiwi. Karani anaambiwa. Basi andika mwanangu. Andika: hatuna."

Nikaandika. Nilifanya hivyo mbele yake, akaniangalia mpaka nilipoinua kalamu.

Halafu yule mama akafanya jambo ambalo sikumwomba. Alijifunga kanga akatoka nasi, akatutembeza nyumba hadi nyumba. Kila mlango alitutangulia akasema, "Huyu si mgeni, ni karani, anarudi leo leo. Msimchemshie maji." Watu wakacheka, na baada ya kucheka wakasema. Nyumba nyingi zilisema hatuna. Mbili tatu zilisema wanaye mkunga, ila Deo alipopita mwenyewe wa kujibu hakuwepo. Nyumba moja ilitufukuza, na hiyo nayo niliiandika ilivyo: imekataa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Siku ile mwenyeji ndiye aliyeniponya mimi.

Niliporudi ofisini sikuacha tena mahali wazi. Aliyeulizwa akasema hana, nilimpa sifuri, na nikahakikisha yupo mezani pamoja na wenye sahani. Aliyekuwa hajaulizwa nilimpa tisa, aliyekataa nilimpa nane, kisha nikaieleza programu kwamba nane na tisa si majibu, ni sababu za kukosa jibu, isije ikazichanganya na watu. Mdadisi wa Ukata alikuwa amerudi na kurasa nyingi zimejaa, ya Editha ikiwemo, ingawa si zote. Waliobaki niliwaandika chini ya jedwali kwa maneno kamili: hawa hawakuulizwa, na hawa walikataa. Mzee Kasiani akalisoma kuanzia chini, kama kawaida yake. Safari hii alifika mpaka juu.

Ukata, wengi walikuwa wakifika hospitali, kwa shida lakini wakifika, kwa magari ya kahawa na kwa machela. Ufukweni waliofika walikuwa wale wale wenye injini, na wengine karibu wote walikuwa na Mungu peke yake.

Ijumaa kamati ilikaa. Mjumbe mmoja kutoka milimani, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye majigambo yangu ya jedwali la kwanza yalikuwa yameshamfikia, alisimama akauliza kwa haki kabisa, "Juzi tulisikia watu wa ziwani karibu wote wanafika misheni. Leo mnasema wachache. Mmewapunguza wapi?" Nilimtazama Mzee Kasiani nikitegemea atajibu yeye. Akanionyesha kwa kidevu. Basi nikasimama nikaeleza habari za mpishi na sahani. Mjumbe yule alifikiri, akauliza, "Na sita wasio na sahani walikuwa na njaa muda wote huo?" Nikasema ndiyo. Akakaa. Baadaye alikuwa wa kwanza kuinua mkono kuunga wodi iende ufukweni. Ukata walipata yao miaka kadhaa mbele, na Editha hakuacha kunitania kwamba niliuza kwetu kwa ugali wa muhogo.

Roda hakuweza kuisubiri wodi, uchungu hausubiri matofali. Lakini kamati ile ile, baada ya kusikia habari ya mtumbwi, iliagiza gari la mradi likalale kijijini mpaka ajifungue. Lilimpeleka misheni kwa barabara mbovu ya juu. Akazaa binti, na binti huyo alilia mpaka dereva akamsikia kule nje.

Wodi ilipofunguliwa, tulirudia kuuliza yale maswali. Dodoso lilikuwa jipya. Mzee Kasiani alikuwa ameongeza kisanduku cha tano, kimeandikwa kwa herufi kubwa: HAKUNA. Nilimwendea Bibi Tabita mwenyewe. Nikamuuliza mama mjamzito wa kaya hii hupata huduma wapi, akanyoosha mkono kuonyesha bati jipya linalong'aa kule juu ya kilima, akasema, "Weka vema." Nikaweka. Akaniomba karatasi aitazame. Alijua kusoma, alifundishwa kanisani. Akapita kisanduku kimoja kimoja kwa kidole mpaka akafika kile cha tano.

"Hiki sisi hatukihitaji tena," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Lakini msikitoe. Wapo wengine."

Mwanangu, hayo ndiyo niliyotaka kukuambia jana nikazuiwa na chai. Ukiuliza swali la majibu mengi, mpe mtu na nafasi ya kusema hana, tena iandikwe, asilazimike kunyamaza. Programu ukiiachia yenyewe, itawaondoa wasio na alama hata moja na kugawanya kwa waliobaki, na jedwali litapendeza. Usilipende bado. Soma kwanza kule chini, uone wangapi wamekosekana na wametoka upande gani, kwa kuwa hawakosekani ovyo; mara nyingi wanaokosekana ndio uliotumwa kuwatafuta. Na ukishawaona usikimbilie kuwajaza sifuri wote ili upumzike, kama nilivyofanya mimi kwa hasira. Aliyesema hana, asiyeulizwa na aliyekataa ni watu watatu mbalimbali, wape alama tatu mbalimbali. Mwishowe andika wazi umegawanya kwa watu gani, kila asomaye ajue ni nani waliokuwa mezani. Usipojua weupe fulani umetoka wapi, toka nje kaulize. Kuuliza si ujinga, na barabara ya kuteremka ziwani siku hizi ni nzuri, huna kisingizio.

Sasa kalichukue jedwali lako, na kikombe ukirudishe jikoni. Nenda na baraka zangu na za wazee wote walionikaripia kwa sauti ndogo. Mungu akupe sikio la kusikia chungu cha maji matupu na moyo wa kutomfedhehesha mwenye chungu. Akupe kazi isiyomfuta mtu. Na siku utakapokosekana wewe mahali, apatikane mtu wa kuuliza uko wapi.